Sifuri ya Dakta Sikudhani

Iko nchi moja inaitwa Rahatupu. Msiniulize iko upande gani wa ramani, maana mimi bado nina watoto wa kusomesha, na nyie pia mna vya kwenu. Jueni tu kwamba ni nchi yenye amani ya kutosha, bendera tatu (moja ya kawaida, moja ya sikukuu, na moja ya kupokelea mawaziri) na chuo kikuu kimoja chenye wanafunzi elfu kumi na mbili ambao, kwa mujibu wa serikali, hawajawahi kuumwa kitu kingine zaidi ya malaria. Mwanafunzi akianguka bafuni, malaria. Akilala asiamke, malaria kali. Kuna muhula walifariki watano, tena kiangazi, mbu wenyewe wa kutafuta kwa tochi, na bado vyeti vyote vitano vikaandikwa malaria. Mbu wa Rahatupu wanasingiziwa sana, jamani.

Mmoja wa wale watano alikuwa akikaa kiti cha mbele katika darasa la Dakta Sikudhani Lyego. Huyu Dakta Sikudhani alifundisha afya ya jamii. Alikuwa mama wa miaka arobaini na sita, miguu inavimba akisimama sana, na chupa ya chai haimtoki mkononi. Yeye ndiye aliyekwenda bwenini kufungasha vitu vya marehemu kabla wazazi hawajafika. Chini ya kitanda akakuta chupa kumi na moja tupu za dawa ya kikohozi, na yule kijana hakuwa hata na mafua. Ndipo akajua kuhusu mchuzi. Wanafunzi walikuwa wanachanganya dawa ya kikohozi na soda ya kuongeza nguvu, wanasagia humo vidonge vya usingizi kwa kitako cha glasi, wanakunywa. Mtihani ukikaribia wanakunywa ili watulie, na ukiisha wanakunywa ili wasahau walichoandika.

Aliziweka zile chupa kwenye mfuko wa nailoni, akatoka nazo kwa mlango wa nyuma. Aliumia sana siku ile, na maumivu yenyewe hayakuwahi kuisha, yalizoeleka tu.

Sasa, chuo kilikuwa na zahanati. Usiwaze jengo. Kilikuwa chumba kimoja, vitanda viwili, mtungi mmoja wa oksijeni na nesi mmoja, Sista Perpetua, mwanamke mnene wa maneno machache. Kila wiki alipokea watoto wanne watano waliozidiwa na mchuzi, akawarudishia pumzi, na kwenye daftari akaandika malaria kama alivyoamriwa. Halafu wizara ikaleta barua: zahanati itafungwa mwisho wa mwaka ujao, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba inahitajika.

"Wewe ndiye msomi," Sista Perpetua akamwambia Dakta, akiwa anakunja shuka. "Wapelekee namba. Hawa watu hawashtuki wakiona maiti, ila namba wanaiogopa."

Basi Dakta akaenda kutafuta namba. Hakutaka kingine, na wala hakudhani kwamba anaomba makubwa.

* * *

Kibali cha utafiti katika Rahatupu hutolewa na Ofisi ya Ukweli wa Awali, ghorofa ya sita, lifti ni ya mgeni rasmi tu. Dakta alipanda ngazi zile kwa miezi kumi na minne. Mara ya kwanza picha zake zilikuwa na tabasamu, zikakataliwa. Mara ya pili picha hazikuwa na tabasamu, zikatakiwa zenye tabasamu, kwa sababu afisa alikuwa amebadilishwa. Mara ya tisa faili lilipotea. Mara ya kumi na moja faili likaonekana, akapotea afisa.

Hatimaye akamkuta Mzee Kandoro, afisa vibali, mtu mzima mwenye sweta na roho nzuri. Hilo la roho nzuri nalisema bila kejeli. Rahatupu imejaa watu wenye roho nzuri, na ndio waliomaliza watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na ngazi. Fomu yako nimeisoma, nzuri, nzuri sana. Ila ukurasa wa tisa umeuacha wazi."

Dakta akafunua ukurasa wa tisa. Juu pameandikwa: Matokeo ya Utafiti.

"Mzee wangu, matokeo nitayapata nikishafanya utafiti."

Mzee Kandoro akavua miwani, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Hebu fikiria vizuri, mama. Serikali itakuruhusuje ukatafute kitu ambacho yenyewe haikijui? Je, ukikipata?"

"Ndiyo maana ya utafiti, mzee."

"Huko ulikosomea, sawa. Hapa tunaidhinisha matokeo kwanza, kisha unaruhusiwa kwenda kuyapata. Inapunguza usumbufu." Akamsogezea fomu na kalamu. Rahatupu hawakupi karatasi bila kalamu, hiyo ni amri ya tangu uhuru: kila anayeigusa karatasi ya serikali lazima aitie sahihi, hata aliyeiokota sakafuni. "Andika sifuri."

"Sifuri?"

"Idadi ya wanafunzi wanaotumia. Sifuri. Ni ya muda tu! Upate kibali, ukafanye kazi yako, ukiipata namba yako ya kweli unarudi hapa tunarekebisha. Watu wote wanafanya hivyo."

"Watu wote?"

"Hata sensa, mama."

Dakta Sikudhani akatazama nje dirishani, akatazama viatu vyake vilivyokwisha visigino kwa ngazi zile. Zahanati ilikuwa imebakiza miezi saba. Akiwa mzima wa miguu na akili angesimama akaondoka, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huona kila kiti ni kizuri. Akaandika sifuri. Akatia sahihi. Mzee Kandoro akagonga mhuri, akamkaribisha na karanga.

* * *

Utafiti wenyewe ulifanyika siku moja, tena kwa gwaride.

Dakta alikuwa ameandaa maswali arobaini, ya siri, mtu asiandike jina. Kamati ya Maadili ikayapokea, ikakaa siku tatu hotelini, ikayarudisha yakiwa matatu. Neno ulevi liliondolewa kwa kuwa linaamsha hamu. Swali la kwanza lilikuwa jina kamili, namba ya usajili na simu ya mzazi. La pili, unampenda kiasi gani Makamu Mkuu wa Chuo. La tatu ndilo lililobeba utafiti wote: Je, wewe ni mzalendo, au unatumia vitu visivyofaa? Weka tiki moja tu.

Wanafunzi elfu kumi na mbili wakakusanywa uwanjani, kila mmoja na kalamu yake, bendi ya shaba inapiga, walezi wa mabweni wanapita katikati ya mistari wakisoma majibu kwa juu ya mabega. Makamu Mkuu akapanda jukwaani akasema leo sayansi inazaliwa upya. Uwanja mzima ulinukia dawa ya kikohozi, ile nyekundu, ya ladha ya matunda. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alilala juu ya fomu yake, udenda unamtoka, na mlezi akamwambia Dakta, "Unaona wanavyoyatafakari maswali yako?"

Elfu kumi na moja mia tisa themanini na sita wakaweka tiki kwa uzalendo. Kumi na wanne waliweka tiki zote mbili. Hao waliitwa ofisini, wakapewa nasaha, wakaonyeshwa kosa lao, wakaweka upya.

Jioni ya siku ile yule msichana aliyelala alibisha mlango wa ofisi ya Dakta. Aliitwa Wande Luhende, mwaka wa pili, somo la takwimu, mwembamba, mikono inatetemeka mpaka akaificha makwapani.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kuomba radhi. Nilitia tiki kwa uzalendo."

"Marahaba. Mmetia wote, Wande."

"Ningetia wapi, mwalimu? Wakisoma huko kwingine wanakufukuza, na mama yangu ameshaniaga kijijini kwa ngoma." Akakaa bila kukaribishwa. "Bweni letu zima, Block C, tunakunywa. Mimi nilianza muhula wa kwanza, nilikuwa silali. Sasa silali mpaka ninywe, na nikinywa sijui kama nitaamka. Naogopa, mwalimu."

Dakta akammiminia chai. Alitaka kuandika maneno yale, herufi kwa herufi, lakini fomu iliyoidhinishwa haikuwa na nafasi ya mtu anayeogopa. "Ukizidiwa," akamwambia, "usilale peke yako. Mwambie mwenzio akukimbize kwa Sista Perpetua. Ana mtungi. Umesikia?"

"Nimesikia. Na zahanati ikifungwa?"

"Haitafungwa," akasema Dakta. Aliona haya hata kabla hajamaliza kusema.

* * *

Alirudi kwa Mzee Kandoro na mfuko wa chupa kumi na moja, na daftari la pili la Sista Perpetua, la siri, lenye namba za kweli: wagonjwa mia mbili na nne kwa mwaka.

"Nimekuja kurekebisha, mzee. Tulisema ni ya muda."

"Tulisema, tulisema." Mzee Kandoro alikuwa na aibu, hilo lilionekana. "Tatizo ni moja tu, mwanangu. Fomu ya marekebisho hutolewa kwa matokeo yenye makosa. Yako yamelingana na yaliyoidhinishwa. Hayana kosa hata moja. Ofisi nzima inakusifu, haijawahi kutokea."

"Yalilingana kwa sababu niliyaandika mimi, hapa, kwenye meza yako!"

"Na kwa mwandiko mzuri," akasema Mzee Kandoro kwa upole.

Wiki ileile Waziri wa Vyuo, Nidhamu na Mapambo ya Taifa, Mheshimiwa Makuzi, aliitangaza ripoti redioni. Nilimsikia mwenyewe, nikaacha kula. "Wananchi wenzangu," alisema, "wapo waliotubeza. Leo sayansi imesema. Ni sifuri! Na hii siyo sifuri ya kuokota njiani. Ni sifuri iliyofanyiwa kazi, sifuri yenye shahada ya uzamivu! Mataifa makubwa yana namba, sisi tuna sifuri. Nani amewahi kuona kitu kisafi kuliko sifuri?" Watu wakapiga makofi. Kisha akasema kwa kuwa ulevi umekwisha, zahanati ya chuo haina mgonjwa wa kumtibu, na kuanzia sasa chumba kile kitakuwa Makumbusho ya Ushindi Dhidi ya Ulevi. Dakta Sikudhani Lyego, shujaa wa sifuri, atapewa nishani siku ya ufunguzi.

Basi vitanda viwili vikafungiwa kamba za vishada. Kimoja kikaandikwa Kitanda cha Zama za Giza. Mtungi wa oksijeni ukapakwa rangi za bendera ya sikukuu. Walitaka kuumwaga hewa, lakini kumwaga mali ya umma kunahitaji kibali, na kibali hakikuwahi kutoka. Mtungi ukabaki umejaa. Sista Perpetua naye alibadilishiwa kazi, akawa mtembeza wageni, akapewa fimbo ya kuonyeshea.

* * *

Nyie mnajua mambo ya utepe. Hata kwenu yapo, msijifanye. Lakini Rahatupu wamezidi. Kule hakuna kinachofunguliwa bila mgeni rasmi kukata utepe, iwe daraja, choo au kikao. Kuna kisima kilichimbwa, maji yakatoka, na watu wakakaa na kiu miezi minane wakimsubiri naibu waziri mwenye mkasi.

Ufunguzi ulipangwa saa nne asubuhi. Utepe mwekundu ukafungwa mlangoni, mkasi ukalazwa juu ya mto wa hariri, bendi ikapangwa, wanafunzi wa kwaya wakasimamishwa juani, na chuo kizima nyuma yao. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Msimamizi wa shughuli, Bwana Mfaume wa Itifaki, suti ya mikono mirefu kuliko mikono yake, kila baada ya nusu saa alitangaza kwamba mheshimiwa yuko njiani, jambo ambalo kwa kweli halikuwa uongo, maana kila mtu hai yuko njiani kwenda mahali. Dakta alikaa kiti cha mashujaa, viatu amevivua chini ya meza, nishani inamsubiri. Alikuwa anafikiria kulala. Alifikiria kulala mwezi mzima.

Saa saba na robo Wande Luhende, mstari wa pili wa kwaya, alianguka.

Alianguka kwa mgongo, na kichupa chekundu kikamtoka mfukoni kikabingirika mpaka miguuni kwa Bwana Mfaume, ambaye alikikanyaga kukificha. Dakta alifika pale peku. Pumzi ya binti ilikuwa inakuja moja, inasubiriwa, inakuja nyingine. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Sista! Mtungi!"

Sista Perpetua alikuwa amekwisha fika mlangoni na ufunguo mkononi. Bwana Mfaume akajitandaza mbele ya utepe.

"Hapafunguliwi hapa!"

"Mfaume, mtoto anakufa."

"Dakta, nakuheshimu. Lakini mgeni rasmi hajafika. Mkimpitisha mtu humu, mheshimiwa akija atakuta nini? Mlango uliokwisha tumika?" Akashusha sauti, jasho linamtiririka. "Mimi nina familia, Dakta. Mngoje kidogo tu. Tuandike malaria."

Tuandike malaria! Heee. Dakta Sikudhani alimtazama yule mtu, na nawaambia hakuwa na hasira hata kidogo. Hasira inahitaji nguvu. Alinyoosha tu mkono kwenye mto wa hariri, akachukua mkasi, akakata utepe.

Sasa sikieni. Ile bendi ilifundishwa kitu kimoja maishani: utepe ukikatika, piga. Ikapiga. Na wale watu elfu kumi na mbili walifundishwa kitu kimoja: bendi ikipiga, makofi. Wakapiga makofi, wengine wakapiga vigelegele, Makamu Mkuu akasimama akainamisha kichwa. Katikati ya shangwe ile Sista Perpetua na Dakta wakambeba Wande mpaka kwenye Kitanda cha Zama za Giza, wakang'oa vishada, wakafungua mtungi wa rangi za bendera. Walimfanyia kazi kwa saa nzima, nje bendi inapiga wimbo uleule kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

Wande alifumbua macho. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama ameshafukuzwa.

Waziri alifika saa kumi na nusu, akaukuta utepe vipande viwili.

* * *

Shitaka lilikuwa moja: Kujifanya Mgeni Rasmi. Hakimu wa Mahakama ya Itifaki alikuwa mzee mwenye usingizi, mahakama imejaa, mabenchi ya nyuma yote ni wanafunzi walioletwa na walezi wao waje kujifunza.

"Mshtakiwa anasema alikata utepe ili kumwokoa mgonjwa aliyezidiwa na ulevi," akasema mwendesha mashtaka. "Mheshimiwa hakimu, naomba kutoa kielelezo. Ni ripoti ya mshtakiwa mwenyewe. Ukurasa wa tisa unasema wanafunzi wanaotumia ni sifuri. Kama ni sifuri, huyo mgonjwa alitoka wapi?"

Watu wakaguna. Hakimu akazinduka. "Dakta, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Kwa hiyo hapakuwa na mgonjwa."

Sifuri ilikuwa yake, aliiandika kwa mkono wake, akala na karanga.

"Mgonjwa ni mimi."

Wande alikuwa amesimama benchi la mwisho, mikono makwapani, mlezi wa bweni anamvuta sketi akae. "Mimi ndiye niliyeanguka. Nilikunywa mchuzi asubuhi ile. Nilikunywa na jana yake."

"Keti, binti," akasema hakimu, wala hakuwa mkali. "Mahakama haiwezi kumsikiliza mtu ambaye kielelezo kinasema hayupo."

Wande hakukaa. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, na hakukaa.

Dakta Sikudhani akainuka, akajishika kiuno. "Mheshimiwa, naomba kukiona hicho kielelezo. Nihakikishe ile sahihi."

Hakimu akaashiria. Karani akampelekea ripoti na, kama sheria ya Rahatupu inavyodai, akampa na kalamu.

Dakta akafunua ukurasa wa tisa. Akaikata ile sifuri kwa mstari mmoja, kama alivyokata majibu ya wanafunzi kwa miaka ishirini, akaandika juu yake moja, na pembeni akatia sahihi ndogo. Katika utafiti ule wote, hiyo ndiyo ilikuwa takwimu yake ya kwanza.

"Anaharibu kielelezo!" mwendesha mashtaka akapiga kelele. "Mheshimiwa, andika shitaka la pili!" Askari wawili wakaanza kuja, polepole, kwa sababu walikuwa hawana uhakika kama kuna kibali.

Dakta hakuwatazama. Miguu ilikuwa inamuuma. Aligeukia mabenchi ya nyuma, kalamu mkononi, akauliza kwa sauti ile anayoitumia darasani mwisho wa kipindi, wote wakiwa wamechoka:

"Kuna mwingine?"

Walezi wakageuka kutazama nyuso moja moja. Kisha benchi la tatu likalia, mtu anainuka.

Dakta akaikata ile moja, akaandika mbili.